Walipotufungulia Kabati la Vyuo: Maoni Yangu Kuhusu Ziara ya Wanafunzi Sinagogi

Nafundisha elimu ya dini kwa watoto wa miaka 11 na 12. Hii ilikuwa mara yangu ya pili kuwapeleka wanafunzi sinagogi, nyumba ya ibada ya Wayahudi, na tofauti ya ziara hizo mbili ndiyo iliyonisukuma kuandika. Mara ya kwanza tulirudi na karatasi za maswali zimejazwa vizuri, lakini watoto hawakuwa na la kusimulia. Mara hii walibishana ndani ya basi njia nzima, na jioni mzazi mmoja alinipigia simu kuniuliza nimemfundisha nini mwanawe, maana amekaa mezani na gazeti anafuta irabu zote kwa kalamu.

Ile ziara ya kwanza sitasema ilikuwa wapi. Tulipokewa kwa heshima, tukateremshwa kwenye chumba cha chini, tukaonyeshwa filamu ya dakika 40, kisha tukapandishwa kusimama mlangoni pa ukumbi wa ibada kwa dakika tano, kamba imefungwa mbele yetu. Watoto waliona taa nzuri na viti vya mbao. Filamu ile tungeweza kuitazama darasani. Nilikasirika, lakini nilipotulia nikaona na mimi nina sehemu yangu: barua niliyoandika ilitaja tarehe na idadi ya watoto tu. Sikuomba kitu, nikapewa kile anachopewa kila mtu.

Kwa hiyo safari hii niliandika mambo matatu. Tukae ndani ya ukumbi wenyewe. Tuione Torati ikiwa imefunguliwa. Na anayetuongoza awe mtu anayesali pale, si mtu aliyekariri maelezo. Jibu lilikuja ndani ya wiki moja. Yote matatu walikubali, wakaongeza ombi lao kwamba watoto waje na maswali yao wenyewe, yasiwe ya mwalimu. Kama unapanga ziara ya namna hii na huna muda wa kusoma mengine yote, chukua mambo hayo matatu uyaandike katika barua yako.

Kuhusu siku ya kwenda: Jumamosi haifai, kwani ndiyo Sabato, nayo huanza Ijumaa jua linapozama. Ijumaa mchana wenyeji wamo mbioni kupika na kusafisha kabla ya kuingia jioni. Septemba na Oktoba pia uziangalie, kwa sababu mwaka wao mpya, siku ya toba na sikukuu ya vibanda hufuatana kwa muda wa wiki tatu hivi. Sisi tulikwenda Jumanne asubuhi. Chakula cha nje hakiingizwi jengoni kwa sababu ya sheria zao za vyakula, basi watoto walikula ndani ya basi kabla ya kushuka.

Getini palikuwa na walinzi wawili na mlango wa chuma, na mikoba ilipekuliwa mmoja baada ya mwingine. Watoto hawakutarajia. Mmoja alininong'oneza, "Mwalimu, kwani hapa ni benki?" Sikuwa nimewaandaa kwa jambo hilo, wewe waandae. Mwezi Oktoba 2018 mtu mwenye bunduki aliingia katika sinagogi moja ya Pittsburgh, Marekani, asubuhi ya Sabato, akaua watu 11 waliokuja kusali. Mwaka uliofuata huko Halle, Ujerumani, mlango uliofungwa ndio uliowaokoa watu waliokuwa ndani wakisali siku ya toba, ingawa mshambuliaji aliua watu wawili nje. Sikuwapa watoto habari zote hizo pale getini. Niliwaambia tu kwamba wako watu wanaowachukia Wayahudi kiasi cha kuwafuata hadi kwenye sala zao, na mlango ule uko pale kwa sababu hiyo. Walinyamaza. Mlinzi mmoja kijana, ambaye nadhani alinisikia, akaanza kumpa mkono kila mtoto aliyepita.

Kwenye mwimo wa kulia wa mlango wa ndani kuna kikasha chembamba chenye urefu wa kidole, kimepigiliwa kwa kuinamishwa kidogo. Kinaitwa mezuza. Ndani yake mna kipande cha ngozi chenye aya za Kumbukumbu la Torati, zinazoanza na lile tangazo la kwamba Bwana ni mmoja. Mzee aliyetuongoza alikigusa kwa vidole, akavibusu vidole vyake, akaingia. Hakueleza kitu. Alisimama upande wa pili akasubiri mpaka mtoto mmoja akauliza, "Babu, umebusu nini?" Ndipo akajibu. Nilimpenda kuanzia hapo, na ndivyo alivyofanya asubuhi nzima: alitenda jambo, akasubiri.

Wavulana waliwekewa kikapu cha kofia ndogo za duara. Hili lilikuwa limewatia wasiwasi wazazi wawili kabla ya safari, wakiogopa kwamba mtoto akiivaa atakuwa ameshiriki ibada ya wengine. Mzee alilimaliza kwa utulivu. Alisema kofia ni adabu ya mahali, mbele ya Mungu kichwa hufunikwa, na mtu akiwa na yake inatosha. Mwanafunzi wangu mmoja Mwislamu alikuwa na kofia yake ya kusalia mfukoni, akaitoa akaivaa, na hakuna aliyemtazama mara mbili. Waambie wazazi mapema. Kwa yule anayekataa kabisa, mpe kofia yake ya jua.

Ndani, kabla ya kutuonyesha chochote, mzee alianza na majina. Sinagogi ni neno la Kigiriki la kukusanyika, na jina lao wenyewe la Kiebrania lina maana ya nyumba ya kukutania. Lakini Wayahudi wengi wenye asili ya Ulaya huiita "shul", neno lililotokana na Kijerumani, na maana yake ni shule. Mtoto mmoja akasema, "Kwa hiyo tumetoka shule, tumekuja shule." Mzee akasema ndivyo hasa, kwa sababu hapa watu huja kusoma sawasawa na wanavyokuja kusali. Mimi nikalikumbuka neno chuo. Katika Kiswahili cha wazee chuo ni kitabu, na chuoni ni mahali watoto wanapopelekwa kukisoma. Biblia ya Union inapoeleza, katika Luka sura ya 4, jinsi Yesu alivyosoma Isaya ndani ya sinagogi ya Nazareti, inasema alipewa chuo, akakifungua, kisha akakifunga na kumrudishia mtumishi. Nimeisoma habari hiyo tangu utotoni, na kichwani mwangu nilikuwa naona kitabu chenye kurasa. Nusu saa baadaye nilikiona chuo chenyewe, ngozi ndefu iliyoviringishwa.

Ukumbi una mabenchi pande tatu, jukwaa la kusomea katikati, na ukuta wa mbele unaoelekea Yerusalemu. Kwenye ukuta huo kuna kabati refu lenye pazia, na juu yake inaning'inia taa isiyozimwa, kwa kukumbuka amri iliyomo katika Kutoka sura ya 27. Siku hizi ni ya umeme. Mtoto akauliza umeme ukikatika itakuwaje, akaonyeshwa betri. Niliwaachia dakika tano wazunguke wakimya waandike wanachokitambua, na hii ndiyo kazi niliyojivunia zaidi kati ya zote nilizowapangia. Watoto wa Kiislamu waliandika kwamba hakuna picha wala sanamu, na kwamba watu wote wanaelekea upande mmoja. Wa Kikristo waliziona mbao mbili za mawe zilizochongwa juu ya kabati, wakajua ni Amri Kumi kabla hawajaambiwa. Msichana mmoja asiye na dini nyumbani kwao aliandika: "Kila kiti kina kitabu, na vitabu vimechakaa." Nilisoma alichoandika nikainua kitabu kimoja. Kweli, pembe zake zilikuwa laini kama kitambaa.

Kisha mzee akatuomba tusimame, kwa kuwa kabati likifunguliwa watu husimama, akavuta pazia. Mlikuwa na vyuo vitano, kila kimoja kimevishwa joho la mahameli, viwili vina mataji ya fedha yenye vikengele vidogo. Alikitwaa kimoja, akakiegemeza begani na kukikumbatia, na vikengele vikalia. Watoto 31, hakuna aliyekohoa. Alisema uzito wake unakaribia ule wa mtoto wa mwaka mmoja, na ndiyo maana hubebwa hivyo. "Kikianguka?" mtoto akauliza. Akasema desturi ni kwamba waliokishuhudia kikianguka hufunga. Baada ya jibu hilo kila mtoto aliitazama miguu ya mzee mpaka alipofika mezani.

Alikivua joho, akakifungua kwa kuvuta fimbo zake mbili za mbao, na tukaitwa kumi kumi kusogea. Ngozi ya mnyama aliye halali kwao, vipande vimeshonwa kimoja kwa kingine kwa nyuzi za mishipa. Wino mweusi. Maandishi yote yameandikwa kwa mkono kwa kalamu ya unyoya, herufi 304,805. Mvulana wangu mmoja ambaye hisabati ndiyo chakula chake akanong'ona kwamba mwandishi akiandika herufi 1,000 kwa siku atahitaji siku 305, na kwa kuwa Sabato haandiki, basi ni karibu mwaka mzima. Mzee akamwambia hayuko mbali. Kazi hiyo huchukua mwaka hivi, mara nyingine zaidi. Na herufi moja tu ikikosekana, au wino wake ukipasuka, chuo kizima hakisomwi mbele ya watu mpaka irekebishwe. Makosa hukwanguliwa na kuandikwa upya, isipokuwa katika jina la Mungu. Hilo likishaandikwa halifutwi. Mwandishi akilikosea, kipande chote cha ngozi hutolewa na kuhifadhiwa hadi kizikwe.

"Kizikwe wapi?" Makaburini, akasema, pamoja na vyuo vilivyochakaa. Hapo ndipo watoto walipoanza kuuliza wote kwa pamoja. Kitabu kinazikwa kama mtu? Nani anakuja? Kuna jeneza? Mzee alieleza kwamba maandishi yanayosubiri kuzikwa huwekwa chumbani, na mimi nikaongeza nilichokuwa nimejiandaa nacho: katika sinagogi ya Ben Ezra, mjini Kairo, chumba cha namna hiyo kilikaa karne nyingi bila kumwagwa. Msomi Solomon Schechter alipokwenda mwaka 1896 alipata ruhusa ya kupeleka Cambridge, Uingereza, vipande zaidi ya 190,000. Mlikuwa na sala, mikataba ya ndoa, barua za wafanyabiashara waliovuka Bahari ya Hindi, madaftari ya watoto waliojifunza alfabeti, na hati za mkono wa Maimonides mwenyewe, msomi mkubwa wa Kiyahudi wa karne ya 12. Nilipotaja madaftari ya watoto, nyuso zao zilibadilika. Mwandiko wa mtoto mwenzao wa miaka elfu iliyopita umebaki kwa sababu watu waliogopa kutupa karatasi yenye jina la Mungu.

Torati ile haina irabu wala alama za kituo. Mzee alipolisema hilo niliona halijawaingia, kwa hiyo nikaandika kwenye karatasi BB, nikawauliza wasome. Mmoja akasema baba. Mwingine bibi. Babu. Bubu. Utajuaje? Kwa maneno yaliyo kando yake, na kwa mtu aliyekufundisha. Basi msomaji wa sinagogi hujifunza irabu zote na mahadhi yote kabla ya siku yake, kwa maana husomwa kwa sauti ya kuimba, na pembeni yake husimama mtu wa kumrekebisha akiteleza. Watoto wanaokwenda madrasa walitikisa vichwa, hayo wanayajua. Hao pia ndio waliokuwa wa kwanza kuonyesha mstari unaanzia wapi, upande wa kulia. Mmoja wao alikabidhiwa yad, kijiti cha fedha chenye mkono mdogo ulionyoosha kidole, maana ngozi haiguswi kwa mkono wa mtu. Akafuata mstari mmoja mpaka mwisho wake, polepole. Nilikuwa na kamera mfukoni, na siku ile ya Jumanne ruhusa ya kupiga picha ilikuwepo, lakini sikuitoa.

Sehemu iliyofuata haikuwa kwenye ratiba. Mtoto aliomba kusikia Kiebrania kinavyosikika, na mzee, badala ya kusoma sala, akahesabu makumi: esrim, shloshim, arbaim, hamishim. Msichana aliyekaa mbele akainuka nusu kwenye kiti. "Ishirini, thelathini, arobaini, hamsini!" Mzee akaendelea: shishim. Darasa zima: sitini! Shiv'im: sabini! Shmonim: themanini! Tish'im: tisini! Mea: mia! Elef: elfu! Ukumbi ule wenye dari refu ulirudisha sauti zao. Kiebrania na Kiarabu ni ndugu, na Kiswahili kimekopa makumi yake kwa Kiarabu, ndiyo siri yenyewe. Baada ya hapo hawakushikika. Baraka ni braha. Nafsi ni nefesh. Yatima ni yatom. Malaika ni malah. Salamu ni shalom. Nilikuwa nimefundisha somo la Uyahudi miaka minane bila kufikiri kufungua mlango huo, na sasa ndio nitakaoanzia kila mwaka.

Lilikuja pia suala la umri. Watoto wangu ni wa miaka 11 na 12, na waliambiwa kwamba kwa Wayahudi wa sinagogi hii msichana akitimiza 12 na mvulana 13 huhesabiwa wanawajibika wenyewe kwa amri za Mungu. Wavulana hawakufurahia kusikia kwamba wenzao wa kike wanatangulia kwa mwaka. Halafu mzee akaeleza kuhusu watu kumi. Baadhi ya sala, pamoja na kusoma Torati hadharani, hazifanywi bila watu wazima kumi. Siku za kazi alfajiri wakiwa tisa, humpigia simu wa kumi atoke kitandani. "Na wanawake wanahesabiwa?" akauliza msichana mmoja. Hapa hapana, akasema mzee, wanaume tu. Na wanawake wanakaa wapi? Akaonyesha roshani ya juu. Kisha akahamia jambo lingine.

Hapo ndipo aliponikwaza kwa mara ya kwanza. Lilikuwa swali la kweli, limeulizwa kwa adabu, na wasichana 17 walikuwa wakisubiri. Kama sinagogi ina kanuni, na ieleze kanuni yake. Watoto wanaweza kusikia jambo wasilokubaliana nalo. Badala yake darasa likaongozwa kupanda ngazi kwenda kuiona roshani.

Mimi nilibaki chini, kwa sababu hakuna lifti na nina mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu. Nilikuwa nimeuliza kuhusu njia yake katika barua, nikajibiwa kwamba hakuna tatizo. Tatizo lilikuwepo. Tulikaa sisi wawili katika ukumbi mtupu tukisikiliza miguu ya wenzetu juu ya vichwa vyetu, na nilikuwa natafuta la kumwambia, ndipo mama mmoja wa makamo aliyekuwa akipanga vitabu akaja kuketi nasi. Alikuwa amesikia swali. Akamwambia mwanafunzi wangu kwamba tangu udogo anakaa kule juu, kiti cha tatu, kando ya kiti cha mama yake, ambaye sasa ni marehemu. Kwamba kutoka kule anaona kila kitu, hata nani amesinzia. Kwamba kwa miaka mingi amebishana na wazee kuhusu mambo yasiyompendeza, na bado anakuja, kwa sababu pale ndipo alipojifunza sala. Akaeleza kwamba ziko sinagogi nyingine ambako wanaume na wanawake huketi pamoja, wanawake huhesabiwa katika kumi na huwa marabi, yaani walimu wa dini, na akamtaja Regina Jonas, mwanamke wa kwanza kupewa urabi, Ujerumani, mwaka 1935, aliyeuawa katika kambi ya mauti ya Auschwitz mwaka 1944. Mwanafunzi wangu akamuuliza, "Sasa mama, wewe unataka ipi?" Yule mama akafikiri, akasema inategemea ni siku gani.

Lilikuwa jibu bora la asubuhi ile, na watoto 30 hawakulisikia. Ukienda, omba mwanamke wa sinagogi awe mmoja wa waongozaji. Usisubiri bahati.

Karibu na mlango wa kutokea kuna sanduku la kioo lenye chuo kimoja ambacho hakisomwi tena, wino umefifia. Ni kimoja kati ya vyuo 1,564 vya jumuiya za Kiyahudi za Bohemia na Moravia, katika Jamhuri ya Cheki ya leo, vilivyobaki baada ya Wanazi, vikakaa Praha, vikapelekwa London mwezi Februari 1964, katika sinagogi ya Westminster, na kutoka hapo vikaazimwa jumuiya mbalimbali za dunia. Haviuzwi; huazimwa. Mzee alisema maneno machache mno. Wayahudi milioni sita waliuawa. Waliokisoma chuo hiki walichukuliwa kutoka mjini kwao. Wao hawakurudi. Chuo kipo, na kila mwaka wanakiondoa kwenye kioo siku moja na kukibeba, hata kama hakisomeki. Kwa watoto wa umri ule, kiasi hicho kilitosha, na nilimshukuru moyoni.

Lakini msaidizi mmoja wa kujitolea, kwa nia njema nadhani, akaanza kuwaita watoto waliokuwa mwisho wa mstari kwenda kwenye ujia wenye picha za kambi za mauti. Hakuniuliza. Nilimfuata nikamwomba asimame. Ziko picha ambazo mtoto wa miaka 11 hapaswi kuziona akiwa amesimama wima na mkoba mgongoni, dakika tatu kabla ya basi. Nitazionyesha kwa mpango, wakiwa wakubwa zaidi, nikiwa na muda wa kukaa nao baadaye. Kabla ya kwenda, omba uambiwe kila chumba mtakachopita.

Baragumu la pembe ya kondoo dume lilipulizwa mwishoni, watoto wanne wakajaribu, mmoja tu akatoa sauti. Vikasha vya ngozi wanavyofunga kwenye mkono na paji la uso katika sala ya asubuhi vilionyeshwa harakaharaka, muda ukiwa umekwisha.

Na muda ndio ninaolalamikia zaidi. Tulipewa dakika 90. Ziara nzuri kama hii inahitaji saa mbili, na kundi la watoto 31 ni kubwa mno kuzunguka meza moja. Waliokuwa kumi la tatu walikiona chuo kwa dakika mbili kabla hakijavishwa joho. Mwaka ujao nitagawa darasa mara mbili, nusu kila juma, hata ikinigharimu kuandaa basi mara ya pili. Nitaomba pia ukumbi utumike wote chini, bila roshani, mpaka wapate njia ya kila mtoto kufika.

Yale maswali ambayo hatukuyafikia, 22, niliyakusanya darasani nikayatuma. Baada ya siku tisa ilikuja bahasha yenye kurasa nne za mwandiko wa mkono. Mzee alikuwa amejibu moja baada ya jingine, kwa jina la darasa, akianza kila jibu kwa kulirudia swali la mtoto kama lilivyoandikwa, pamoja na makosa yake. Lile la wanawake na watu kumi alimpa yule mama alijibu, na ndilo refu kuliko yote. Swali la 19, lililouliza kama Mungu husikia sala ya watu tisa, lilikuwa na mstari mmoja tu chini yake: "Nimelifikiri siku tatu. Mkija tena niulizeni."

Tumeshaweka tarehe.